Likizo ya Juni na Barabara za Songea

Safari za likizo za watoto wa Songea hufuata kalenda mbili, ya shule na ya mvua. Shule za Tanzania hufungwa kwa muda mrefu mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na mkoani Ruvuma miezi hiyo haifanani hata kidogo. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika Aprili au mapema Mei. Desemba basi ni matope na palizi, ilhali Juni barabara zimekauka, mahindi yamekomaa na baridi ya kipupwe imeingia. Kwa hiyo Juni ndiyo likizo ya kusafiri, na imekuwa hivyo tangu zamani. Kilichobadilika katika miaka hamsini hivi ni nani anasafiri, na kwa sababu gani.

Katika miaka ya 1960 na 1970 msafiri mkuu wa likizo alikuwa mwanafunzi wa sekondari, naye alisafiri bila mzazi. Sekondari zilikuwa chache, na serikali ilitaka vijana wa mikoa mbalimbali wachanganyike. Aliyefaulu Songea aliweza kupangiwa Tabora, Tanga au Bukoba, na wa huko akaletwa shule ya Songea Boys. Alipewa waranti, karatasi iliyompandisha basi, treni na meli kwa gharama ya serikali. Aliyepangiwa Ihungo, Bukoba, alianza kwa basi au lori hadi Makambako, akateremka Dar es Salaam kwa barabara au, TAZARA ilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, kwa treni. Hapo alishika reli ya kati hadi Mwanza, kisha akavuka Ziwa Victoria kwa meli. Likizo ikifika, njia hiyohiyo kurudi. Huyo ni kijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, mwenye tranka la bati lililofungwa kufuli na chakula kisichozidi siku ya kwanza. Wazazi walijua amefika pale barua ilipofika.

Kipande kilichowatesa ni kile cha nyumbani. Kutoka Songea hadi Makambako ni karibu kilomita 300, na zote zilikuwa za udongo. Milima ya Lukumburu, inakopakana Ruvuma na Njombe, ilikuwa na kona na miteremko iliyowashusha abiria wapunguze uzito au wasukume. Mabasi ya KAMATA, kampuni ya taifa, hayakutosha, kwa hiyo wengi walipanda malori ya mahindi na kukaa juu ya magunia. Wadogo zao hawakwenda mbali hivyo. Kwao likizo ilikuwa kwenda kwa bibi Peramiho, Mbinga au Namtumbo, na waliporudi walikuwa wameshavuna.

Lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa kwa msaada wa Uingereza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Ilikuja wakati mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha punde, fedha za kigeni hazikuwapo, na katika miaka hiyo ya uhaba wa mafuta magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Familia yenye gari ilikuwa ya kuhesabika mjini. Barabara nzuri ikapitisha zaidi mbolea ikija na mahindi yakienda, na watoto wakaendelea kusubiri.

Mageuzi mengine yalitokea shuleni. Uchangiaji wa gharama za elimu ulipoingia, waranti zikafifia. Kisha mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ukaleta shule za kata kila pembe ya nchi. Kijana ambaye baba yake alivuka nchi kwa waranti akawa anasoma mwendo wa baiskeli kutoka kwao. Hili halitajwi sana katika habari za usafiri, lakini lina uzito kuliko lami yenyewe: barabara zilipokuwa nzuri, ndipo vijana walipokosa sababu ya kuzipita. Mtu aweza leo kumaliza kidato cha nne Songea bila kuiona Njombe, jambo ambalo kwa wanafunzi wa waranti lilikuwa muhali.

Pengo hilo lilizibwa na wazazi. Biashara ilipolegezwa na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kumiminika, kuanzia miaka ya 1990, watumishi na wafanyabiashara wa Songea walianza kuwapakia watoto kwenda Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900. Sababu ilikuwa harusi, au shangazi, au bahari tu. Gari linaondoka alfajiri, wadogo wamepakatwa, na kikapu kina chapati, mayai ya kuchemsha na kuku wa kukaanga. Njombe hununuliwa viazi, lakini hivyo ni vya kurudi navyo. Dereva akisimama porini watu wachimbe dawa, kila mtu hutafuta kichaka chake, wasichana wakifuatana na mama. Mfuko wa rambo ulikuwa lazima kwa mtoto anayetapika kwenye kona za Lukumburu na za mlima Kitonga. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019, kopo limechukua nafasi yake, na kwa kazi hiyo kopo ni bora.

Kivutio cha njia hiyo ni Mikumi. Barabara kuu hukata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na anayepita bila kuingia mbugani halipi kiingilio. Twiga, tembo, pundamilia na nyani huonekana dirishani. Dereva hupunguza mwendo, kwa sababu ya matuta na faini ya kumgonga mnyama, na mtoto aliyelala tangu Iringa huamshwa. Kabla ya hapo amepita misitu ya misindano ya Mafinga, akashuka Kitonga hadi kwenye joto na mibuyu ya bonde la Ruaha. Mwanafunzi wa jiografia hupata hapo somo zima la mwinuko na uoto.

Kwa muda mrefu safari zilielekea kaskazini tu, kwa kuwa lami ilikuwa huko. Magharibi palifunguka kwa awamu. Kutoka Peramiho hadi Mbinga lami ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa MCC uliomalizika 2013, na kipande cha mwisho hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66 za milima, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Ziwa Nyasa, lililokuwa safari ya siku nzima kwa gari la juu na la kubahatisha wakati wa mvua, likawa matembezi ya mwisho wa juma. Njiani watoto huona ngoro za Wamatengo, mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili maji yasichukue udongo. Kaskazini ya Mbamba Bay kuna Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba unaofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia hapo meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, mwanzoni kabisa mwa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana husikiliza hadithi hiyo kuliko ile ya jinsi bibi alivyotembea kwa miguu hadi Mbinga.

Mashariki kulichelewa zaidi. Barabara ya Namtumbo na Tunduru hadi Masasi ilikuwa ikizika malori wakati wa masika. Lami yake ilikamilika katika miaka ya 2010, na sasa mtoto wa Songea huweza kufika Mtwara na kuogelea baharini bila kupita Dar es Salaam.

Kijana wa leo hukaa siti ya nyuma na simu, akiitazama njia pale tu mtandao unapokatika. Wazee humlaumu. Lawama hiyo ina kasoro: mwanafunzi wa waranti alilazimika kutazama, maana akikosea kituo hakuna aliyemtafuta, ilhali huyu hakupewa kazi yoyote. Familia zinazompa kijana kushika hesabu ya mafuta, kupanga vituo na kumwangalia mdogo wake hazilalamiki sana juu ya simu.

Mvutano mpya umeletwa na saa. Mabasi yalikuwa yamekatazwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, hadi Oktoba 2023 yaliporuhusiwa tena. Sasa familia isiyo na gari inaweza kupanda basi Songea jioni na kuamkia Dar es Salaam. Vijana wengi huchagua hivyo kwa kuwa watalala na siku haipotei. Wenye watoto wadogo bado hukata tiketi za alfajiri, kwa kuhofia ajali za usiku, na kwa kuwa basi la usiku hupita Mikumi gizani.