Mkimbizi na Maradhi Yasiyo na Jeraha



Mtu akivunjika mguu, mtaa mzima humjua. Ataletewa uji, mtoto wake atapelekwa skuli na jirani, na hapana atakayemwambia, "Inuka utembee, huna imani wewe." Lakini mtu akivunjika moyo, akawa usiku halali, chakula hakimpiti, na mlango ukibishwa moyo wamruka, huyo hupata maneno mengi na msaada mchache. Na akiwa ni mkimbizi, maneno huzidi na msaada hupungua, kwani hana shangazi wa kumsemea wala ukoo wa kumsitiri. Huyu ndiye ninayetaka tumzungumze leo.

Jambo la kwanza ninalotaka ulikubali ni kwamba kutolewa katika nchi yako kwa nguvu humwuguza mtu, hata akiwa mcha Mungu. Ushahidi hatuna haja ya kuufuata mbali. Waislamu walipohamia Madina, mwaka wa 622, Sayyidna Abubakar na Sayyidna Bilal walishikwa na homa. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, akaingia kuwatazama, akamwuliza kila mmoja hali yake. Bilal, kila homa ilipompungukia, alikuwa akipaza sauti kwa mashairi ya kutamani mabonde ya Makka, majani yake na maji yake, na akawaapiza waliowatoa katika nchi yao. Bibi Aisha akampelekea khabari Mtume (S.A.W.), naye hakusema kwamba imani ya Bilal imepungua. Aliomba dua Madina ipendeze kwao kama Makka au zaidi, na iwe nchi ya afya.

Tazama mpango wa mambo hayo. Mgonjwa aliulizwa, akasema, akasikilizwa, kisha likatafutwa la kumfaa. Mambo manne tu, na yote manne yaweza kufanyika katika chumba kidogo.

Sisi watu wa pwani mtihani huu tuliletewa mlangoni. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka huko Mogadishu mwezi wa Januari 1991, watu wa Barawa na Wabajuni wa visiwa vya Somalia, ambao hawakuwa na majeshi ya kuwalinda, waliporwa majumba yao. Wakapanda majahazi na mashua wakaja Mombasa na miji mingine ya mwambao wetu. Wengine walizama njiani. Zikafunguliwa kambi, kama ile ya Utange, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha kambi hizo za pwani zilikuwa zimefungwa. Wako waliopelekwa Dadaab na Kakuma, wako waliochukuliwa Marekani na Uingereza, na wako waliobaki mitaani mwetu, wakawa wakwe zetu na majirani zetu.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana niliyekwisha kumaliza skuli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Barawa, na Chimwiini, lugha ya mji ule, nilikisikia tangu utotoni. Chimwiini na Kiswahili ni ndugu, lakini ndugu hao wakizungumza haraka hupotezana. Kwa sababu hiyo zahanati moja ya mjini ilinitaka niende siku mbili kila wiki nikawe mkalimani wa wanawake wa Kibarawa.

Alikuwapo mama mmoja aliyekuja mara nyingi. Kisa chake aliniruhusu nikisimulie, ila jina. Kila akija, kichwa chamwuma, kifua chamwaka moto, mwili wote kama uliopakwa pilipili. Kila mara alipewa vidonge vya kichwa akarudi kambini. Kadi yake ilijaa maneno yale yale, mstari chini ya mstari. Hapana aliyemfanyia ubaya. Foleni ilikuwa ndefu, na kichwa ni kichwa.

Siku moja akakaa mezani muuguzi mgeni, mwanamke wa makamo kutoka bara. Aliisoma kadi ile kutoka mwisho kwenda mwanzo, akaweka kalamu chini. Kwanza alinigeukia mimi. "Dada, yatakayosemwa humu hayatoki nje ya mlango huu. Na utafsiri yote, usipunguze kwa haya wala usiongeze kwa huruma." Nilipokubali, akamwuliza mgonjwa swali ambalo kadi nzima haikuwa nalo:

"Mama, usiku walala?"

Nikalitafsiri. Yule mama alinyamaza, akakunja ncha ya shuka yake, akakunjua. Kisha akasema, "Mwanangu, mwambie nikilala ndipo wanapokuja."

Waliokuwa wakija ni wale watu waliouvunja mlango wake Barawa. Na baada yao huja mashua. Yeye alipanda ya mbele, mwanawe akapanda ya nyuma, na ya nyuma haikuonekana tena. Hajui amlilie kama maiti au amngojee kama msafiri. Maneno hayo yote hayakuchukua muda mrefu kuliko wa kunywa kikombe cha chai.

Muuguzi hakumwambia asahau. Alimwambia, kwa utaratibu, kwamba huo si wazimu, na kwamba mwili uliojifunza kukesha kwa khofu huchelewa kuamini kwamba sasa waweza kulala. Akampangia siku ya kurudi, siku ile ile kila wiki, asingoje mpaka kichwa kiume. Akamsaidia kuandikisha jina la mwanawe kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao moja ni kuwatafuta jamaa waliopoteana vitani. Akamwuliza mikono yake ilikuwa ikifanya kazi gani huko kwao, akajibiwa, kushona kofia. Akatafutiwa nyuzi, na wanawake watatu wa kukaa naye alasiri.

Ndugu msomaji, sitakuambia kwamba alipona akawa kama hakupatwa na kitu. Khabari za mwanawe hazikuja muda wote niliokuwapo. Lakini saa moja ya usingizi ikawa tatu, na tatu ikawa tano, na vidonge vya kichwa akaviacha mwenyewe. Akaanza kugombana na wenzake juu ya rangi za nyuzi. Mtu anayegombania rangi ya uzi amekwisha kurudi duniani.

Nimekusimulia haya kwa sababu moja. Mama yule hata siku moja hangeingia hospitali ya wagonjwa wa akili. Jina lake tu lingemtosha kumrudisha nyuma, na watu wake wangesema, "Ameshikwa na wazimu," binti zake wakakosa waume. Lakini zahanatini alikuwa akienda. Alienda kwa kichwa, kwa kifua, kwa tumbo, kwani huzuni nzito huvaa nguo ya mwili ikapanga foleni pamoja na homa na kikohozi. Kwa hivyo mahali pa kuipokea ni pale pale penye foleni.

Na hili leo si rai yangu peke yangu. Shirika la Afya Duniani, katika hisabu iliyotangazwa mwaka 2019, lilikadiria kwamba katika nchi zilizopatwa na vita mtu 1 katika kila 5 ana maradhi fulani ya akili, na wenye maradhi mazito ni kama 1 katika 20. Waganga wa akili wa kuwatosha watu wote hao hawako. Mwaka 2008 Shirika hilo lilianzisha mpango wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa kawaida kuyatambua na kuyatibu maradhi haya, na mwaka 2015, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, likatoa mwongozo wa kazi hiyo mahali penye vita na maafa. Humo hufunzwa muuguzi amsikilize mtu bila ya kumlazimisha kusimulia, amtafutie haja zake za lazima, amkutanishe na jamaa zake. Hufunzwa kutibu kifafa, ambacho dawa yake si ya bei kubwa, na kujua ni nani wa kupelekwa mbele kwa daktari mkubwa. Tena maonyo ya Shirika ni kwamba mfiwa asipewe dawa za usingizi ati zimwondolee msiba, maana msiba hubaki na dawa huzoeleka.

Huko Uganda, katika makazi ya Nakivale, walifundishwa watu wa kawaida, wakimbizi kwa asili yao, kuwahudumia wakimbizi wenzao wa Kinyarwanda na Kisomali waliokuwa na kiwewe cha vita. Matokeo yalitolewa mwaka 2008, baada ya wagonjwa 277 kufuatiliwa, na waliohudumiwa walipata nafuu zaidi kuliko wale waliotazamwa tu. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliofundishwa, wenye lugha moja na mgonjwa, na wanaorudi siku waliyoahidi.

Wala usidhani maumivu yote ya mkimbizi yako nyuma alikotoka. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991 kwa nia ya kuwaweka watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa njaa ya Somalia, walipita 400,000, na wako waliozaliwa humo wakazaa humo. Wasomali wa huko wana neno, buufis, ambalo ni ile hamu ya kuchukuliwa nchi za mbali inayomkaa mtu rohoni hata asiweze kuishi pale alipo, na wengine yawapotezea akili. Neno hilo lilizaliwa na kungoja. Mtu asiye na kazi, asiye na ruhusa ya kwenda, na posho yake yapunguzwa, vidonge peke yake vitamfaa nini?

Wapo wasemao kwamba huzuni ya namna hii ni udhaifu wa imani. Hao nawarejeza kwenye Surat Yusuf. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe, naye ni Nabii. Subira yake haikuwa kukosa machozi.

Wapo wasemao ni jini tu, dawa yake kisomo. Sisi hatukani kilichotajwa katika Qurani, na kisomo ni rehema. Lakini kisomo na zahanati havigombani. Mtume (S.A.W.) ametufunza kujitibu, na hakuyatoa maradhi ya akili katika mafunzo hayo. Wanavyuoni wetu walilijua hilo zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akashauri kwamba kama mtu awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafula, vivyo aweke fikra njema za kumfaa siku ya dhiki. Basi anayemsomea mgonjwa na akamwambia anywe dawa zake, huyo msaidie. Anayemwambia atupe dawa, au anayempiga na kumfunga minyororo, huyo mzuie, hata akiwa amevaa kilemba.

Sasa, sisi wa majumbani tufanye nini? Kwanza, tuulinde ulimi. Neno "mwenda wazimu" likitoka mdomoni hufika mbali kuliko mashua. Pili, jirani mkimbizi akilalamika kila siku juu ya mwili, mwulize na usingizi wake, kisha umsindikize zahanatini, ukae naye katika foleni. Tatu, ukiitwa kuwa mkalimani, ichukue kazi hiyo kama amana. Na usikubali mtoto atafsiri maneno ya mama yake, kwani atabeba mzigo usiokuwa wa umri wake, na mama ataficha lile lililomleta. Nne, mwenye kusema kwamba anataka kufa, au aliyekwisha potewa na akili, asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja. Apelekwe kwa tabibu siku ile ile. Tano, mpe mkimbizi kazi ya mikono yake na nafasi katika safu, usimpe sadaka tu. Ansari wa Madina walisifiwa katika Surat Hashri kwa kuwapenda waliohamia kwao, na kupenda ni zaidi ya kutoa.

Na wewe uliye muuguzi, najua foleni yako ni ndefu na mshahara wako ni mfupi. Lakini kuuliza, "Usiku walala?" hakuhitaji mashine wala ghala ya dawa. Swali ni la Bibi Aisha kabla ya kuwa lako. Liulize, kisha uwe na subira ya kungoja jawabu.

Wabillahi tawfiq.