Besi ya Nyuzi Kuukuu

Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1980, mtu aliweza kuitwa mpiga besi bingwa na nyumbani kwake asiwe na gitaa la besi. Gitaa lilikuwa mali ya wenye bendi, pamoja na amplifaya, spika, maikrofoni na hata waya. Juwata Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, UDA Jazz ya shirika la mabasi. Mlimani Park nayo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Siku akihama, aliaga, akavuka mlango na vidole vyake. Vyombo vilibaki stoo vikimngoja mwingine.

Sisi washabiki, ambao wengi wetu hatukuwahi hata kulishika gitaa lenyewe, tulibaki na ubishi. Kijiwe chetu kilikuwa kibarazani kwa fundi redio mmoja Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Walikuja karani wa bandari, mwalimu wa shule ya msingi, kondakta wa UDA, na wapiga besi wawili wa bendi kubwa walioleta spika zilizoungua kisha wakaganda hapo mpaka magharibi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Kazi yangu ilikuwa kumshikia Fundi tochi na kufuata kahawa, na ujira wangu ulikuwa kuachwa nisikilize.

Mjini kote watu waliulizana wewe ni Sikinde, yaani wa Mlimani Park, au Msondo, yaani wa Juwata. Pale kibarazani swali lilikuwa jingine: unataka besi inayonguruma au besi inayoongea? Wa ngurumo walitaka spika ya inchi 15, nyuzi zilizokwisha kuzoea jasho, na kidole kinachopiga karibu na shingo ya gitaa, ambapo sauti hutoka ya mviringo. Waongeaji walitaka spika za inchi 12, nyuzi kali, na kidole kirudi nyuma kule zinakofungwa, ili kila noti isikike ikianza na ikiisha. Karani wa bandari alikuwa ngurumo mtupu. Mwalimu alikuwa msemaji wa waongeaji, na hoja zake alizipanga kama yupo darasani.

Jambo la kuchekesha ni kwamba besi hiyo tuliyoigombania, wengi tuliijulia redioni. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, na nyimbo zao zikatufikia kupitia redio ndogo zenye spika ya kukaa kiganjani. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ya namna ile haiwezi kuitoa sauti hiyo. Inachotoa ni vijisauti vya juu vinavyozaliwa na uzi uleule, na sikio la mtu, kwa uzoefu wake, linajazia chini palipopungua. Nusu ya besi tuliyoisifu tulikuwa tunaitengeneza wenyewe vichwani.

Siku moja Fundi aliamua kutufundisha. Alifungua redio ya National, akazikata waya za spika yake ndogo na kuziunganisha na spika ya inchi 15 iliyokuwa inamsubiri mwenyewe, ikiwa imelala mezani bila boksi. Tukasogea. Ikatoka sauti nyepesi, ya kusikitisha. Mwalimu akaanza kucheka.

"Subiri, mwalimu," Fundi akasema. "Dogo, lete lile boksi."

Akaitumbukiza spika kwenye tundu la boksi, akakaza skurubu, na kituo kilekile, kwa nguvu ileile ya betri, kikatoa besi. Akatueleza kwamba koni ikisukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Ikiwa hakuna kizuizi kati ya mbele na nyuma, hewa inazunguka ukingo wa koni na pande mbili zinauana, hasa katika sauti za chini. Boksi linazitenganisha. "Mnanunua spika, mnasahau nyumba yake," akasema, na kuanzia siku hiyo mazungumzo ya maboksi hayakutuishia.

Kulikuwa na kambi ya plaiwudi na kambi ya mninga. Bendi moja ilipeleka oda kwa maseremala wa Keko, wakaitengenezea boksi la mninga la kupendeza, zito la kubebwa na wanaume wanne. Msimu wa mvua ulipopita mbao zilikuwa zimevimba na kunywea, viungo vikaachia, na kila mpiga besi alipogusa noti za chini boksi likakoroma. Plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishanishwa, haikuwa na hila hizo. Fundi aliziba nyufa kwa gundi na vumbi la mbao, kisha akajaza ndani sufi ya godoro ili sauti isigongane na kuta. Siku hiyo wa ngurumo na waongeaji walikubaliana, kwa mara ya nadra, kwamba limepona.

Nyuzi ndizo zilizoleta ugomvi wa kweli. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na pakiti ya nyuzi nne za besi ililetwa na baharia kama hisani. Kwa hiyo nyuzi zilipigwa miaka. Zilipofubaa, waongeaji walizivua wakazichemsha kwenye sufuria. Maji ya moto yaliondoa mafuta ya vidole na uchafu ulioingia kati ya mizunguko ya waya, na kwa siku chache ukali ulirudi. Karani aliwatazama wakichemsha na kuuliza, "Mchuzi wa nani huo?"

Mwaka 1985, Muhidini Gurumo na wenzake kadhaa walipoiacha Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule, kuhamahama kulikuwa gumzo la mji. Katika majira hayo mmoja wa wapiga besi wetu naye akahama bendi. Kijiwe kikaona nafasi ya kumaliza ubishi: je, besi yake itamfuata, au itabaki na boksi? Tukaenda kumsikiliza kwenye ukumbi mpya, kisha kumsikiliza mrithi wake kwenye ule wa zamani. Tulikuta imegawanyika. Mahali anapoacha kupiga ili tumba ijibu, namna anavyochelewa kidogo rumba inapogeuka kuwa chemko, ile sehemu ya kasi, hayo yote yalikuwa yamehama naye. Lakini ngurumo ilibaki kule nyuma, ndani ya plaiwudi na pembe ya ukuta ilikoegemezwa, na mrithi aliikuta kama aliyekuta kitanda kimetandikwa. Kila kambi ilirudi Kariakoo ikidai imeshinda.

Kisha ikaja ruksa. Biashara ya kuagiza vitu nje ilikuwa imeanza kulegezwa mwaka 1984, na chini ya urais wa Mzee Mwinyi maduka yakajaa. Nyuzi mpya za besi zikaanza kupatikana kwa mwenye fedha. Mpiga besi wetu mwingine alifunga seti mpya, inang'aa, na usiku huo waongeaji walifika ukumbini mapema kama wakwe. Alipopiga, kila noti ilisikika ikianza na ikiisha. Wachezaji wakasimama wanaangaliana. Mapumziko yalipofika, mama mmoja aliyekuwa anacheza mbele akamfuata jukwaani: "Mwanangu, besi umeipeleka wapi?"

Wiki iliyofuata alizirudisha nyuzi kuukuu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, alipiga Fender Precision ya mwaka 1962 na alijulikana kwa kutobadili nyuzi zake. Yeye aliishi katika mji ambao nyuzi ziliuzwa dukani. Sisi tulianza kwa kukosa. Ladha ya besi nzito ilifinyangwa na mpaka uliofungwa, sufi ya godoro na spika iliyoshonwa koni. Lakini nyuzi zilipopatikana, ukumbi mzima ulizisikia na kuzikataa, na tangu usiku ule sauti ile haikuwa tena ya uhaba. Mwalimu, niliyekutana naye akiwa amestaafu, bado anasema ukumbi ulikosea.