Betri ya volti 12.5 iliyokataa kuwasha gari

Leo tuache kompyuta kidogo, tuingie chini ya boneti.

Ijumaa jioni nilizungusha ufunguo, gari likajibu tik-tik-tik, na taa za dashibodi zikafifia. Jumatatu saa mbili asubuhi mama alitakiwa kliniki, na betri mpya haikuwa kwenye bajeti yangu ya mwezi. Nikaenda kuazima chaja kwa jirani.

Mita ilisoma volti 11.8. Betri ya kawaida ya gari ina seli sita, kila moja kama volti 2.1, kwa hivyo ikiwa imejaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. 11.8 ni tumbo tupu kabisa.

Nilifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, nikaiweka betri verandani penye hewa. (Tafadhali usichajie chumbani! Inapokaribia kujaa hutoa haidrojeni, na cheche moja yatosha kuilipua.) Betri ni ya ampea-saa 45, nikaweka chaja kwenye ampea 4. Chaja yenyewe hujizima ikimaliza, kwa hivyo nikaenda kulala.

Asubuhi, 13.1! Lakini betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi hudanganya. Nikaiacha itulie hadi jioni, ikashuka hadi 12.5 na kukaa hapo. Nikatangaza nyumba nzima kwamba nimeokoa maelfu ya shilingi.

Jumapili asubuhi nikairudisha garini, nikashika mita, mke wangu akazungusha ufunguo. Volti zikaporomoka hadi 7.9. Starta ikaguna mara moja, kimya.

"Baba watoto, si ulisema imejaa?"

Ilikuwa imejaa, ndiyo, ila ilichojaa kilikuwa kidogo. Betri nzuri haifai kushuka chini ya volti 9.6 hivi starta inapovuta. Yangu ina miaka mitano, na tangu nianze kufanyia kazi nyumbani gari hukaa siku nyingi bila kwenda popote. Betri ikikaa na njaa, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani zake ikawa fuwele ngumu, na chaja ya kawaida haiziondoi. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: programu inakimbia vizuri ikiwa na mtumiaji mmoja, ambaye ni wewe. Walete elfu moja uone.

Alasiri nikanunua nyingine, fundi akanipunguzia bei kidogo kwa kumwachia ile kuukuu. Injini ikiwa inanguruma nilipima 14.2, kwa hivyo altaneta haina makosa.

Jumatatu alfajiri nikafungua boneti tena, nione mpya itashuka hadi ngapi. 10.9. Mama alikuwa ameshaketi garini, mkoba mapajani, akiniuliza kama tunaenda kliniki ama gereji.