Majina ya Wale Watoto Thelathini



Jumapili ijayo tunawawekea mikono vijana wetu wawili wanaokwenda kujitolea Juba kwa mwaka mmoja. Bahasha za mchango mmeshapewa. Kabla hujafunga bahasha yako, nina jambo la kukuambia. Nimelibeba tangu 2007. Mke wangu analijua. Leo nataka na wewe ulijue.

Nilikuwa na miaka 25, nimetoka chuo cha Biblia, sina kanisa wala kazi. Ikapatikana nafasi ya kujitolea Addis Ababa, kwenye kituo cha watoto wa mitaani. Kanisa letu la nyumbani likanifanyia harambee. Kuna shosho mmoja aliyekuwa akiuza mayai. Alifungua fundo kwenye pembe ya leso yake, akahesabu shilingi 200 za sarafu, akaniambia, "Mwanangu, nenda ukawaambie habari za Yesu."

Nikaenda. Isiolo hadi Moyale nilipanda lori, maana siku hizo barabara ile ilikuwa ni vumbi na mawe. Ukivuka mpaka, magari yanahamia upande wa kulia. Nilikaribia kugongwa mara mbili kwa sababu nilikuwa naangalia upande usiofaa. Nilifika Addis mwezi wa Agosti, mvua hainyamazi, baridi kali, mji uko juu milimani. Tarehe 12 Septemba nikaona taa na shangwe kila mahali: kalenda yao iko nyuma ya yetu, na siku hiyo ndipo walikuwa wanaingia mwaka 2000. Kitu kimoja tu nilikielewa haraka, saa. Wao pia huhesabu kuanzia alfajiri kama sisi. Saa moja asubuhi yao ni saa moja yetu.

Lakini lugha? Sikuwa na neno. Na mtu asiye na neno hapewi mimbari. Nilipewa kisu na gunia la vitunguu.

Mpendwa, hiyo ndiyo huduma niliyofanya. Nilimenya vitunguu. Niliosha sahani. Niliwamiminia watoto maji ya kunawa kabla ya kula injera. Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo kwa Waorthodoksi, tulipika shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu. Nikijaribu kusema Kiamhari, watoto walicheka hadi machozi. Nikipatia neno moja, walipiga kelele, "Gobez!" Yaani, hodari! Mhubiri mzima, ninapongezwa na mtoto wa miaka minane.

Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Siku moja aliniambia kwamba enzi za Derg, serikali ya kijeshi iliyotawala kuanzia 1974 hadi 1991, kanisa lao lilifungwa, wakawa wanakutana nyumbani kwao usiku na kuimba kwa kunong'ona. Alisema hivyo huku akikoroga sufuria, kisha akaniuliza kama vitunguu viko tayari. Ndipo nikafahamu nilikuwa wapi. Hii ni nchi ambayo mfalme Ezana alimpokea Kristo katika karne ya 4. Mimi nilidhani ninawapelekea Injili kwenye begi langu.

Sasa sikiliza kosa langu.

Nyumbani walikuwa wanangoja habari. Mchungaji wangu aliandika, "Watu wanauliza, matunda yako wapi?" Nikaenda saiba, nikakaa mbele ya kompyuta, intaneti inakwenda kama kobe. Nikafikiri juu ya shosho na zile sarafu. Nitawaambia ninamenya vitunguu? Nikaandika: "Bwana ametenda makuu. Watoto thelathini wameokoka."

Thelathini. Nilitoa wapi? Ilikuwa idadi ya sahani nilizoosha mchana ule.

Barua ilisomwa Jumapili. Niliambiwa watu walisimama, wakapiga vigelegele.

Januari 2008, nchi yetu ilipowaka moto baada ya uchaguzi, sikuweza kuwapata wa nyumbani kwa simu siku tatu. Nilikaa jikoni nikashindwa kushika kisu. Yule mama akazima jiko, akaita watoto, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaomba. Sikuelewa kitu isipokuwa neno moja walilorudia: Kenya. Kenya. Wale niliosema nimewaombea, ndio walioniombea. Na hilo, ambalo ni la kweli, sikuliandika nyumbani. Sikutaka kuonekana kama niliyesaidiwa.

Nikarudi Agosti 2008. Baada ya ibada shosho akanijia, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema, "Nimekuwa nikiwaombea wale thelathini kila asubuhi. Lakini naona haya kumwambia Mungu 'wale watoto' tu. Nitajie majina."

Mjukuu wake alikuwa na daftari na kalamu.

Nikaanza kutaja. Nilitaja watoto niliowamiminia maji: mwenye kovu, aliyecheka sana, aliyeficha mkate kwa ajili ya mdogo wake. Sitawataja hapa, ni watu wazima sasa. Nilifika kumi na mmoja nikakwama. Shosho akasema, "Basi, wengine Bwana anawajua."

Hakuna hata mmoja kati yao niliyemwongoza sala ya toba. Shosho aliwaombea kwa majina mpaka alipolala mwaka 2014. Mimi ndiye niliyehubiri mazishi yake. Sikuwahi kumwambia.

Nimetubu mbele za Mungu, na naamini amenisamehe. Lakini shosho hakudanganywa na shetani. Alidanganywa na mimi, kwa kutumia jina la Bwana.

Fungua Matendo 13. Paulo na Barnaba wanasafiri, na Yohana Marko, kijana, yuko nao kama msaidizi. Mstari wa 13 unasema aliwaacha, akarudi Yerusalemu. Luka hakuficha. Hakumtafutia Marko idadi ya waliookoka ili wa nyumbani wafurahi. Na kwa sababu Maandiko yalisema ukweli juu ya kurudi kwake, tunaweza kuamini 2 Timotheo 4:11, ambapo Paulo anataka Marko aletwe kwa kuwa anamfaa katika huduma. Mtu aliyesemwa kweli anaweza kurejeshwa. Aliyepambwa kwa uongo atarejeshwa kutoka wapi?

Vijana wetu, nendeni Juba. Mkipewa ufagio, tuandikieni kwamba mmefagia. Mkilia, tuambieni mmelia. Mkiombewa na wenyeji, hilo ndilo la kwanza kuandika. Na jifunzeni majina.

Na wewe unayetoa, usiwaulize, "Wangapi?" Sisi wachungaji na washirika ndio tunaowafundisha vijana kudanganya kwa swali hilo. Waulize, "Mlikula nini? Nani amewapokea? Tumwombee nani?" Ukisikia wamemenya vitunguu mwaka mzima, piga vigelegele vilevile.

Kama kuna ushuhuda uliwahi kuutoa ukaongeza chumvi, na aliyeusikia bado yuko hai, usingoje kama mimi. Mpigie simu leo.

Baba, tusamehe sisi tuliokupamba kwa uongo, kana kwamba kazi yako haitoshi. Wakumbuke wale kumi na mmoja, popote walipo usiku huu. Katika jina la Yesu, amina.

Tuonane Jumapili, saa tatu kamili.