Kamba ya Katani kutoka Muyinga

Tuliambiwa kila mmoja aje na kitu kimoja atakachokiweka katika maktaba yake. Mimi nilibeba kibao. Nilikipaka rangi mwenyewe, herufi nyekundu: KIMYA! Kazi yenyewe nilikuwa sijaianza. Shule niliyoahidiwa ina kabati moja la vitabu, lina kufuli, na ufunguo anao mtu ambaye kila ukimtafuta ametoka.

Mjomba alicheka sana aliposikia naenda Muyinga kwenye mkutano wa wakutubi wa shule. Sisi ni watu wa Giheta. Gishora, patakatifu pa ngoma pa mfalme Mwezi Gisabo, pako kwetu, na tangu 2014 ngoma hizo zimo katika orodha ya urithi ya UNESCO. "Mtoto wa ngoma anaenda kusomea kunyamaza," akasema.

Gitega nilipanda Probox. Gari la watu watano lilitubeba tisa, na kabla ya hapo dereva alikuwa amehangaika asubuhi nzima kutafuta petroli. Tukavuka Ruvubu, tukapita Karuzi, vilima vikafuatana na migomba yake hadi shingo ikachoka kugeuka. Muyinga nilipokelewa kwa Kiswahili kila nilipogeuka, hata kwa muuza nyanya. Si ajabu: barabara ikitoka hapo inakwenda Kobero, na Kobero ni mlango wa Tanzania.

Asubuhi ya kwanza tulifundishwa kupanga vitabu kwa namba za Dewey, utaratibu uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876. Niliandika kwa bidii hadi tulipofika kwenye lugha. Kifaransa kimepewa 440 hadi 449, kumi nzima. Kirundi, Kiswahili, Kiyoruba, Kizulu na mamia ya wenzao wamesongamana ndani ya 496, kila mmoja akining'inia nyuma ya nukta. Nikaikumbuka Probox yangu. Nilinyoosha mkono nikalalamika, na nadhani nililalamika kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mgeni.

Mzee mmoja, mkutubi mstaafu aliyeketi karibu nami, alisubiri nimalize. "Binti yangu, namba ni anwani tu. Katika kabati lako, vitabu vya Kirundi viko vingapi?"

Sikuwa na jibu. Kabati sijawahi kulifungua.

Mchana wa siku ya pili walitupeleka kuiona maktaba iliyojengwa 2012, hatua ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Ilichorwa na wasanifu wa Kibelgiji, BC Architects, lakini ukiitazama unaona udongo wa hapahapa: matofali yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, vigae vya kuchoma juu, miti ya mikaratusi ikibeba paa. Kuta zimeachiwa matundu ili upepo upite. Mbele kuna baraza ndefu, kama ile ambayo bibi yangu angeketi kuchambua maharage.

Ila kilichonisimamisha kiko ndani. Juu, chini ya paa, wametandaza wavu mkubwa wa kamba za katani, na watoto hupanda humo wakalala na vitabu vyao. Mimi nilifundishwa kwamba kitabu husomwa mgongo ukiwa wima, miguu chini, mikono ikiwa imenawa.

Msichana mmoja alichungulia mfuko wangu, akakivuta kibao. Alikisoma polepole, akamwonyesha mwenzake, vidole vyao vikaenda haraka nisiweze kuvifuata. Kisha wote wawili wakacheka kwa sauti, kicheko kikubwa kuliko chochote nilichosikia mkutanoni kwa siku mbili. Yule mzee aliniangalia, akajifanya anakagua vigae.

Jioni ilipofika zamu yangu ya kuonyesha nilicholeta, nilisema nimekisahau Giheta. Uongo, najua.

Kesho yake, kabla ya gari kuondoka, nilipita sokoni nikanunua kamba ya katani, marobota mawili, nikapatana bei vibaya kwa sababu ya haraka. Kufuma wavu sijui, lakini shangazi anafuma vikapu, na mkono uliozoea kikapu hautashindwa na wavu. Nikaziweka kamba mapajani, kibao chini ya miguu.

Tulipokaribia Karuzi dereva alinitazama kwenye kioo. "Mwalimu, kamba tumeiona. Mbuzi yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Giheta, amefungiwa kabatini.