Haisomi au Haisomeki?

Wapenzi wa lugha, kauli ya kutendeka tumezoea kuifundisha kwa mifano ya vitabuni: njia inapitika, mlima unapandika. Mwaka huu nimeiona ikifanya kazi katika kibanda cha gemu hapa Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, ambako kijana jirani yangu hujipatia riziki kwa mashine moja iliyozeeka. Ni PlayStation 2, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Machi 2000 na ambayo kufikia mwaka 2013 haikuwa ikitengenezwa tena.

Siku diski ya mpira ilipokataa kucheza, kijana alinijia na huzuni usoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Mashine haisomi. Naenda mjini kutafuta lenzi."

"Marahaba, mwanangu. Haisomi, au diski ndiyo haisomeki?"

Alidhani namfanyia mzaha wa darasani. Sikuwa na mzaha. Kwenda mjini ni nauli ya kivuko, kwenda na kurudi, juu ya bei ya lenzi yenyewe, na fedha hiyo ndiyo unga wa nyumbani kwake. Kununua lenzi ilhali ubovu uko kwenye diski ni kumnywesha dawa asiyeumwa.

Tazameni vitenzi hivyo viwili. Viambishi awali havitofautiani, kwa kuwa mashine na diski zote ni za ngeli ya I-ZI. Tofauti yote imebebwa na -ek-. Pasipo kiambishi hicho, mtenda ameshindwa kutenda. Kikiwapo, kitu chenyewe hakina hali ya kutendwa. Fundi anayeisikia silabi hiyo amekwisha kupata nusu ya jibu.

Nusu ya pili hupatikana kwa kujaribu. Diski moja ikikataa na nyingine zikakubali, diski hiyo haisomeki. Zikikataa zote, mashine haisomi: pengine vumbi limetanda juu ya lenzi, au leza imepungua nguvu kwa umri. Zikikubali DVD na kukataa CD, zile ambazo upande wa chini ni buluu, kosa bado ni la mashine, kwa sababu kila aina husomwa kwa mwanga wake.

Tulijaribu diski tatu. Mbili zilisomwa mara moja. Ile ya mpira, tulipoielekeza kwenye jua, ilikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka duara.

Hapa washairi watanielewa upesi. Taarifa za diski zimeandikwa katika mstari mmoja unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje, na ndani yake zimetiwa nyongeza za kumsaidia msomaji kufidia kilichofutika. Ndivyo vina na mizani vinavyomsaidia mhariri wa mswada uliotobolewa na mchwa: neno moja likipotea, kina humwongoza kulikisia. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda ukingoni hugusa kidogo tu katika kila mzunguko. Unaofuata duara hufuta maneno yanayoandamana, na ubeti mzima ukitoweka, hakuna kina cha kuurudisha. Kwa sababu hiyo diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha.

Tuliifuta hivyo. Ilicheza kidogo, ikakwama palepale. Kijana alitafuta diski nyingine ya mpira kwa mwenzake. Lenzi ikabaki ileile, na watoto wakarudi kibandani.

Nalileta jambo hili kwenu kwa sababu barazani petu hupita malalamiko kwamba vijana hawasomi mashairi. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kumhukumu msomaji, tumpe diski nyingine: shairi tofauti, la mtunzi tofauti. Akilisoma hadi mwisho, basi lile la kwanza turudi nalo mezani, tuliangalie kwenye mwanga.