Barua kutoka Leicester: Wakili anayeuliza sana

Mwanangu Salim,

Shangazi yako mzima, ila magoti ndiyo yanaanza kunidai. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku: umepata kiwanja Kigamboni, dalali anakuharakisha, na wakili "atakuja siku ya malipo kugonga muhuri". Hapo kwenye muhuri ndipo usingizi uliponiruka. Nami nilianza hivyohivyo, nikamchukulia wakili kuwa mtu wa muhuri, na iliniuma mfukoni. Basi kaa nikusimulie nilivyokipata hiki kijumba ninachokuandikia humo.

Huku England karibu kila anayenunua nyumba ana wakili wake, na muuzaji ana wake. Wengine ni mawakili kamili, wanaitwa solisita. Wengine wamesomea uhamisho wa miliki peke yake, nao wana leseni na baraza lao la kuwasimamia. Kazi yao ni moja: kuhakikisha anayeuza ndiye mwenye mali, kufanya upekuzi, kushika fedha, kulipa ushuru na kukuandikisha Masjala ya Ardhi. Dalali ni mtu wa muuzaji. Mthamini wa benki anaangalia usalama wa mkopo wa benki. Wewe mnunuzi aliye upande wako ni wakili tu.

Mimi sikulijua hilo. Dalali wa nyumba ya kwanza niliyoitaka akaniuliza, "Una wakili?" Nikasema sina. Akasema yeye anaijua ofisi moja nzuri, bei poa. Nikamshukuru sana. Kumbe alikuwa analipwa kwa kila mteja anayempeleka! Si kosa la kisheria, mradi mteja aambiwe, na mimi niliambiwa, kwa maandishi madogo kama punje za mtama. Ofisi yenyewe ilikuwa mji mwingine. Kila nikipiga simu napokelewa na sauti mpya, nataja namba ya faili, naanza kusimulia upya tangu Adamu na Hawa. Wiki ya kumi nikaambiwa muuzaji amepata mtu wa dau kubwa zaidi. Nilipiga kelele, lakini kelele za nini? Hapa mpaka mikataba ibadilishwe baina ya mawakili, makubaliano ni upepo, kila mmoja yuko huru kuondoka. Nyumba ikanipita, na fedha ya upekuzi ikaenda nayo.

Mara ya pili sikumuuliza dalali. Niliwauliza wenzangu wa wodini waliohamia karibuni, nani aliwashughulikia na je, alikuwa anapokea simu. Nikapata majina matatu, nikahakikisha kwenye orodha ya mamlaka ya mawakili kwamba wana leseni hai. Bei si siri, tangu Desemba 2018 solisita wanalazimika kuzitangaza kwenye tovuti zao. Kisha nikawauliza wote watatu maswali yaleyale. Faili langu atalishika nani, kwa jina? Mko kwenye orodha ya benki inayonikopesha? Maana benki nayo humtumia wakili huyohuyo, na asipokuwemo unalipia wawili. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kodi na ada za upekuzi? Na biashara ikivunjika, nitadaiwa nini?

Mmoja alinijibu kwa kunitumia kipeperushi. Wa pili alisema nisiwe na wasiwasi. Wa tatu, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la dawa, alijibu swali moja baada ya jingine, halafu akasema, "Sasa zamu yangu kukuuliza." Huyo hakuwa wa bei rahisi kuliko wenziwe. Nilimchukua.

Ebo! Nilijuta ndani ya wiki moja. Alitaka taarifa za benki za miezi sita. Akakuta paundi 6,000 zimeingia kwa siku mbili kutoka kwa watu kumi na wawili, mia tano mia tano. Hizi nini? Nikamweleza upatu wetu wa kina mama, kwamba mwezi ule ilikuwa zamu yangu kupokea. Akaandika kila neno, kisha akauliza kwa upole, "Mna daftari?" Nilihisi naitwa mwizi. Lakini kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji fedha zinamtaka ajue fedha ya mteja imetoka wapi, na mteja asipoweza kueleza, wakili hawezi kuendelea. Ikabidi katibu wetu apige picha kurasa za daftari, zikiwa na alama ya kikombe cha chai, na majina yote kumi na mawili yakaingia kwenye faili la solisita. Mama mweka hazina hakunisemesha mpaka Idi.

Swali lililonishangaza zaidi lilikuwa fupi: "Umewahi kumiliki nyumba popote duniani?" Nikacheka, nikamwambia hii ndiyo ya kwanza. Akarudia: popote, hata fungu la mirathi. Hapo nikakumbuka nyumba ya babu yako, Chumbageni, Tanga. Mirathi ilipogawanywa, majina yetu sisi warithi wanne yaliandikwa kwenye hati. Kumbe sheria ya ushuru wa stempu ya huku inaihesabu mpaka nyumba ya Tanga. Nyumba niliyotaka ilikuwa ya paundi 240,000. Anayenunua kwa mara ya kwanza maishani halipi ushuru kwa bei hiyo. Mimi mwenye fungu Chumbageni nikadaiwa 2,300. Na kama fungu hilo lingekuwa na thamani ya paundi 40,000 au zaidi, ningeongezewa asilimia 5 ya bei yote, yaani 12,000 juu ya zile. Tulilithamini, likawa chini, nikapumua. Ningenyamaza na ikaja kujulikana, ningelipa kodi, riba na faini, na saini kwenye fomu ingekuwa yangu. Waambie na wenzako wanaojenga Bunju huku wakipanga kuja kununua nyumba ughaibuni: swali hilo lazima waulizwe, na wasiambiane kwamba hakuna atakayejua.

Swali lake la tatu ndilo ninalolipenda mpaka leo. Wakili huku haendi kuiona nyumba. Anaisoma kwenye karatasi tu. Basi akanitumia ramani ya Masjala ya Ardhi, kiwanja kimezungushiwa mstari mwekundu, na nyuma ya jiko kuna kichochoro kimepakwa rangi ya buluu. Akaniambia, "Nenda ukasimame uani na ramani hii mkononi, uniambie unachokiona." Nilikwenda Jumamosi, mvua ya manyunyu. Nikaona kilango kidogo cha mbao kwenye ukuta wa jirani, kitasa kinang'aa kwa kushikwashikwa. Nikiwa nimesimama pale kikafunguka, akatoka babu wa Kigujarati anavuta pipa la takataka, akanisalimia, akapita katikati ya ua, huyoo mpaka barabarani. Ile rangi ya buluu ndiyo yeye. Ana haki ya kupita hapo, imeandikwa, na haitaondoka mimi nikihamia. Mimi nilikuwa nimeshapanga nijenge kibanda palepale! Ningejenga, ningeshitakiwa. Leo mzee huyo ndiye anayenitolea pipa langu nikiwa zamuni.

Baada ya hapo mambo yakaenda. Siku ya kwanza kabisa alikuwa amenikabidhi namba ya akaunti ya ofisi kwenye karatasi, mkononi, akasema, "Hatutaibadilisha kamwe kwa barua pepe. Ukipata barua inayosema tumebadilisha, huyo ni mwizi, nipigie." Wezi wa huku huvizia barua pepe za wanunuzi, kisha siku ya malipo wanatuma akaunti yao. Basi kabla ya kutuma amana ya kubadilishana mikataba, asilimia 10 ya bei, paundi 24,000 za miaka tisa ya zamu za usiku, nilimpigia akanisomea namba zile tarakimu moja moja, mimi nafuata kwa kidole. Mikataba ikabadilishwa. Tangu dakika hiyo muuzaji hakuweza kunikimbia, na mimi ningekimbia ningeiacha amana. Wiki mbili baadaye nikapewa funguo, ushuru ukalipwa ndani ya siku 14 zinazotakiwa, na jina langu likapelekwa Masjala.

Sasa turudi Kigamboni. Sheria za huku si za huko, najua. Lakini wakili anayeletwa siku ya malipo amekuja kushuhudia ukilipa, basi. Mtafute wewe mwenyewe leo, asiwe wa dalali wala wa muuzaji. Kama kiwanja kina hati, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama hakina, aende ofisi ya ardhi ya manispaa aulize kama kimepimwa, na kimepangiwa makazi au barabara. Aulize kama muuzaji ana mke, na ikiwa kuna nyumba ya familia hapo, kama mke ameridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuiuza kimyakimya. Nawe nenda ukasimame pale kiwanjani na ramani, jioni watu wakirudi makwao, uone nani anapita wapi.

Dalali akikwambia kuna mtu mwingine anakitaka kesho, mwambie akiuze kesho. Usitoe hata kishika uchumba kabla ya upekuzi. Mchango niliokuahidi upo, haujaguswa. Nitautuma siku wakili wako atakaponipigia na kuniuliza nimeupata wapi.

Nisalimie mama yako na watoto.

Shangazi yako,
Leicester